Italia kwa siku chache na kijana wa miaka 15: laleni Napoli

Kila niliyemwambia nampeleka mwanangu Italia alinipangia ratiba ileile: Roma, Firenze, Venezia. Kwa likizo fupi na kijana anayewaza mpira tu, niliona huko ni kuhama na mabegi kila kukicha. Tukafikia Napoli, Roma tukaenda asubuhi na kurudi jioni. Nikiulizwa leo, nashauri hivyo hivyo.

Kinachowezesha mpango huu ni treni za kasi. Kati ya Roma Termini na Napoli Centrale kuna Frecciarossa na kuna Italo. Ni saa moja na dakika chache tu, na mwendo unafika kilomita 300 kwa saa. Mwanangu ameshapanda SGR ya Dodoma, lakini hapa macho hayakubanduka kwenye skrini inayoonyesha mwendo. Tiketi kateni mapema maana bei hupanda siku zikikaribia. Ila zile za bei ya chini kabisa ukishalipa pesa hairudi, kwa hiyo subirini viza kwanza.

Viza ya Schengen, ndiyo inayokuingiza Italia, ni euro 90 tangu Juni 2024, na mtoto akishatimiza miaka 12 hulipa sawa na mtu mzima na huchukuliwa alama za vidole. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Mzazi akisafiri na mtoto peke yake, barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake iandaliwe mapema.

Afadhali huja kwenye viingilio. Makumbusho na magofu ya serikali ya Italia ni bure kwa walio chini ya miaka 18, wa taifa lolote. Beba pasipoti yake. Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, bado lazima umkatie tiketi yake ya bure, kwa sababu huandikwa jina na saa ya kuingia. Makumbusho ya Vatikani hayamo kwenye utaratibu huu, kule analipa.

Sasa Ercolano, magofu ya mji wa kale karibu na Napoli. Wengi hukimbilia magofu ya Pompei, ambako ni kukubwa na kivuli ni cha kutafuta. Ercolano ilifukiwa na volkano ileile ya Vesuvio mwaka 79, lakini ni ndogo, nusu siku inatosha, na kilichobaki kinashangaza zaidi. Wimbi la gesi na majivu ya moto liligeuza mbao kuwa mkaa badala ya kuziteketeza, ndiyo maana mihimili na hata fremu za vitanda bado zipo. Chini, palipokuwa ufukwe, kuna mabanda ya mashua ambamo wachimbaji walikuta mifupa ya watu. Walikuwa wamejibanza humo wakitarajia kuokolewa kwa njia ya bahari. Jumla ya waliopatikana ufukweni ni kama 300. Mwanangu, ambaye huburuza miguu kwenye makumbusho yoyote, alisimama pale kimya, kisha akauliza kama watoto walikuwemo. Walikuwemo. Jioni nzima hakuzungumzia kingine.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kuchagua: mtaa wa Quartieri Spagnoli hapo Napoli, kwenye picha kubwa ya Maradona ukutani. Alijua vyema ubingwa wa ligi ya Italia ambao klabu ya Napoli ilitwaa 1987 na 1990, na jinsi mji ulivyosubiri mwingine hadi 2023. Vichochoro ni vyembamba na pikipiki hazipunguzi mwendo, kwa hiyo mshikeni mkono hata akiona aibu. Simu pia iwe mfuko wa ndani, hasa kwenye treni za kwenda kwenye magofu, ambazo hujaa sana.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ghorofa ya juu bila lifti, na tangazo halikusema. Ulizeni kabla ya kulipa. Mkiona neno “coperto” kwenye bili ya chakula, msigombane na mhudumu, ni malipo ya kawaida ya kila anayeketi mezani.

Nampa Napoli nyota tano. Tungepata siku nyingine ningepanda boti kwenda kisiwa cha Procida, na Venezia ingesubiri safari yake.