QGIS kwa ramani za Unguja na Pemba: inatii hata ukikosea

Anayechora mipaka ya shehia, mashamba ya mwani au visima hahitaji kununua leseni. QGIS ni programu huria ya kuchora na kuchambua ramani, chini ya leseni huria ya GPL. Gary Sherman aliianza mwaka 2002, toleo la 1.0 likatoka 2009, na tangu toleo la 3.0 la 2018 inatumia lugha ya programu ya Python 3. Kwa kazi za visiwani inatosha na kubaki. Kasoro yake ni utiifu: ukiipa amri ya kipuuzi itaitekeleza kimya kimya, kisha ikuletee ramani nzuri ya kupendeza isiyo ya kweli.

Pakua toleo la LTR, lile linalotunzwa muda mrefu, si lile jipya kabisa. Faili la Windows linazidi gigabaiti 1, hivyo lipakue mara moja ulihifadhi kwenye flashi kwa ajili ya wenzako. RAM ya gigabaiti 4 inaitosha kazi ya mistari na poligoni. Kwa picha za droni anzia 8.

Makosa mengi huanzia kwenye koodineti. Ukiingiza jedwali la visima kutoka Excel, X ni longitudo (39 na ushei) na Y ni latitudo (hasi 4 na ushei hadi hasi 6 na ushei). Ukizigeuza, kisima cha Nungwi kinakwenda kutua Uhispania. Ukisahau alama ya hasi, kinatua Ethiopia. Haya angalau yanaonekana kwa macho. Balaa ni kosa la mita mia tatu. Unguja na Pemba zote zimo kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa koodineti unaopima kwa mita, lakini ramani za zamani za karatasi mara nyingi ni za mfumo wa Arc 1960 (namba yake ya utambulisho ni EPSG:21037), na GPS ya simu inatoa mfumo wa WGS 84, ambao kwa UTM ni EPSG:32737. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sura, ila ukizichanganya kila kitu kinasogea takribani mita 300. Kwa ramani ya kisiwa kizima huoni kitu. Kwa kiwanja cha Jang'ombe, umeshampa mtu nyumba ya jirani.

Hapo ndipo wengi hukosea dawa. Kuna amri ya kuitambulisha leya (seti moja ya data kwenye ramani) kuwa iko mfumo fulani, na kuna amri ya kuihamisha kutoka mfumo mmoja kwenda mwengine. Ya kwanza inabadilisha lebo tu. Ni sawa na kuandika "karafuu" juu ya gunia la makonyo. Tumia ya kwanza pale tu lebo inapokosekana au ni ya uongo. Kwengine kote hamisha.

Kupima eneo nako kuna mtego. Kwenye kikokotoo cha safu, `$area` inafuata umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi, lakini `area($geometry)` inafuata vipimo vya leya yenyewe. Leya ikiwa ya digrii, shamba la eka tatu, yaani mita za mraba 12,140 hivi, litatoka 0.000001. Na ukitaka ukanda wa mita 30 kutoka ufukweni kwa leya hiyo hiyo, utapata ukanda wa digrii 30, unaofika Afrika Kusini upande mmoja na Uarabuni upande wa pili. Dirisha la zana huonesha kipembetatu cha tahadhari. Skripti, yaani amri ulizoandika zijiendeshe zenyewe, haina dirisha.

Picha za droni zinastahili maneno zaidi, maana Zanzibar ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, ulioanza 2016 kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ulipiga picha visiwa hivi kwa droni, na picha nyingi zimewekwa wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap. Pikseli moja ni kama sentimita 7. Piga hesabu: kilomita moja ya mraba ina pikseli milioni 204, na kwa rangi tatu ni zaidi ya megabaiti 600 kabla ya kubanwa. Ndiyo sababu laptopu inaganda ukiburuta picha ghafi ndani ya mradi. Usiilaumu QGIS. Ibane picha kwanza kwa GDAL, zana za kuchakata data za ramani zinazokuja humo humo:

`gdal_translate -b 1 -b 2 -b 3 -mask 4 --config GDAL_TIFF_INTERNAL_MASK YES -co COMPRESS=JPEG -co PHOTOMETRIC=YCBCR -co TILED=YES ghafi.tif nyepesi.tif`

Kisha `gdaladdo nyepesi.tif` itengeneze nakala ndogo ndogo za kuangalia kwa mbali. Vile vipande vya `-b` na `-mask` si pambo: picha hizi mara nyingi zina tabaka la nne la uwazi, na YCBCR, namna ya kuhifadhi rangi, inakubali tabaka tatu tu. Ukiviacha, amri inagoma. Picha ikiwa na tabaka tatu pekee, ondoa `-mask 4`.

Tahadhari moja ambayo hakuna programu itakayokupa: mstari wa pwani. Paje na Jambiani maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, bahari inarudi nyuma mamia ya mita. Picha mbili za jirani zilizopigwa saa tofauti zitakupa pwani mbili. Amua mapema unachora alama ya maji kujaa au kupwa, uiandike ndani ya safu ya leya.

Sasa skripti, na hapa ndipo QGIS inapoipita programu yoyote ya kubofyabofya. Fungua konsoli ya Python, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+P. Kurekebisha poligoni mbovu na kuhamisha mafaili mia ya shehia ni mistari michache:

```
import glob, os, processing
chanzo = r'D:\unguja\shehia'
for faili in glob.glob(os.path.join(chanzo, '*.shp')):
    jina = os.path.splitext(os.path.basename(faili))[0]
    safi = processing.run('native:fixgeometries',
        {'INPUT': faili, 'OUTPUT': 'TEMPORARY_OUTPUT'})['OUTPUT']
    processing.run('native:reprojectlayer',
        {'INPUT': safi, 'TARGET_CRS': 'EPSG:32737',
         'OUTPUT': 'D:/unguja/mpya/' + jina + '.gpkg'})
```

Folda la `mpya` liwepo tayari. Ile herufi `r` kabla ya njia ya faili usiiache. Bila yake, Python inasoma `\n` ya `D:\nungwi` kama mstari mpya na `\t` ya `D:\tumbatu` kama nafasi ya tabu, kisha inasema faili halipo. `D:\unguja` ni mbaya zaidi: `\u` inasubiri namba ya herufi ya Unicode, na skripti nzima inakataa kuanza. `D:\pemba` inapita. Wapemba wana bahati yao.

Kabla ya kuhamisha, hakikisha kila faili lina `.prj` yake, faili dogo linalotaja mfumo wake wa koodineti. Ikikosekana, skripti inaweza kuendelea bila kulalamika na kubandika lebo ya 32737 juu ya namba za digrii, na shehia zako zikaenda kuishi Antaktika. Jaribio lake ni fupi: `QgsVectorLayer(faili, jina, 'ogr').crs().isValid()`. Likijibu `False`, liruke faili hilo na uchapishe jina lake.

Skripti ulizorithi zenye `QgsMapLayerRegistry` au `processing.runalg` ni za QGIS 2. Badala yake ni `QgsProject.instance()` na `processing.run`. Kompyuta ikiwa dhaifu, tumia `qgis_process` kwenye dirisha la amri, inaendesha zana zile zile bila kufungua ramani.

Shepufaili (aina ya faili la `.shp`) iache kwa wanaoilazimisha. Majina ya safu yanaishia herufi 10, hivyo `idadi_ya_wanaume` na `idadi_ya_wanawake` zinatoka `idadi_ya_w` na `idadi_ya_1`, ukae ukibahatisha ipi ni ipi. GeoPackage (aina ya `.gpkg`) haina shida hiyo, ila ina yake: wakati QGIS iko wazi, mabadiliko ya karibuni hukaa kwenye faili la pembeni lenye mkia wa `-wal`. Ukinakili `.gpkg` peke yake kwenye flashi umeme ukiwa unataka kukatika, kazi ya asubuhi nzima inaweza kubaki nyuma. Funga mradi kwanza, subiri lile faili la `-wal` litoweke, ndipo unakili.