Voyant Tools kwa anayefuatilia habari za mazingira: anzia kwenye muktadha

Anayetaka kujua vyombo vya habari vinaandikaje kuhusu mazingira, mimi ningemwelekeza kwanza Voyant Tools, programu ya kuchambua maandishi. Ni kazi ya Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell, ni ya bure, na inatumika ndani ya kivinjari: unabandika habari zako au unapakia mafaili, PDF zikiwemo, basi.

Cha kwanza kuvuta macho ni Cirrus, wingu la maneno. Usikae hapo. Langu lilijaa "ya", "na" na "kwa" hadi nilipoyaingiza kwenye orodha ya maneno ya kupuuzwa, na baada ya hapo likanipa "misitu" na "serikali", ambayo ningeyataja hata bila kusoma chochote.

Utamu uko Contexts. Unaandika neno, unaletewa kila lilipotumika pamoja na maneno ya kushoto na kulia kwake. Niliandika "wananchi", upande wa kulia ukateremka hivi: watakiwa kupanda miti, waaswa kutunza vyanzo vya maji, wahimizwa kuacha kuchoma mkaa. Mstari baada ya mstari, mwananchi anaagizwa. Nilipotafuta "alisema", waliojitokeza ni mawaziri, wakurugenzi na wataalamu. Mvuvi na mkulima, wanaoyaona maji yakipungua kwa macho yao, hawaulizwi. Hilo linaniuma, na kwa kusoma habari moja moja nisingeligundua.

Trends huchora grafu ya neno kutoka faili hadi faili, kwa hiyo anza jina la kila faili na mwaka na mwezi ili yapangike. "Tabianchi" ilipanda wakati wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, COP27 ya Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, ikapanda tena kwenye COP28 ya Dubai mwaka uliofuata. Katikati, kimya, ingawa ukame haungoji mikutano.

Kwa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Programu huhesabu neno kama lilivyoandikwa, hivyo "mti" na "miti" ni mawili mpaka uyaunganishe kwa mstari wa wima: mti|miti. Vitenzi ndivyo vigumu, maumbo yake inabidi uyaorodheshe mwenyewe. Mimi nayaorodhesha, hasa "umekauka" na "umekaushwa", maana hapo ndipo ninapojua kama mwandishi alimtafuta aliyeukausha mto.