Skana ipi ununue kwa vitabu vya jalada laini vilivyochapwa kwa karatasi duni

Kitabu cha jalada laini kilichochapwa kwa gharama ndogo huisumbua skana kuliko barua ya ofisini au picha. Karatasi yake hutokana na rojo la mbao ambalo lignini yake, yaani kitu cha asili kinachoshikanisha nyuzi za mbao, haikuondolewa, ndiyo maana hugeuka manjano ikipigwa na mwanga na hewa; ni nyembamba kiasi cha kuonyesha maneno ya upande wa pili; wino husambaa katika nyuzi zake; na mgongo wake umeshikwa na gundi ngumu, hivyo kitabu hakikubali kulala wazi.

Wanunuzi wengi huanza kwa kulinganisha idadi ya nukta kwa inchi, na hapo ndipo fedha hupotea. Nukta 300 zinatosha kwa maandishi ya kawaida na 400 kwa herufi ndogo. Ukizidisha, unapata picha nzuri ya nyuzi za karatasi, wala maneno hayasomeki vizuri zaidi. Jambo la kuuliza ni hili: herufi ikinyanyuka kidogo kutoka kwenye kioo, je, skana bado inaiona sawasawa? Vihisi (macho ya skana) vya aina ya CIS, vinavyotumika katika skana nyembamba, huona vizuri kile tu kinachogusa kioo au kukaribia sana kukigusa. Vihisi vya CCD, ambavyo hutumia lenzi na vioo vya kuakisi, huvumilia mwinuko wa milimita kadhaa, na kwenye mkunjo wa katikati ya kitabu milimita hizo ndizo zinazookoa maneno ya mwisho wa mstari.

Kwa sababu hiyo naweka nafasi ya kwanza skana bapa, yaani ile unayolaza ukurasa juu ya kioo chake, yenye CCD na iliyoundwa mahususi kwa vitabu, kama zile za Plustek OpticBook, ambazo kioo chake hufika karibu kabisa na ukingo wa mashine. Ukurasa mmoja hulala juu ya kioo na nusu nyingine ya kitabu huning'inia pembeni, kwa hiyo hulazimiki kuukandamiza mgongo mpaka gundi ipasuke. Kazi huenda polepole, ukurasa mmoja mmoja, lakini ndiyo skana ambayo ningemshauri mtu yeyote asiyetaka kuharibu kitabu chake. Skana bapa ya kawaida yenye CCD, mfano Epson Perfection V600, inafuata kwa karibu ndani ya kundi hili, ila fremu inayozunguka kioo chake itakudai ukandamize.

Nafasi ya pili ni skana inayovuta karatasi zenyewe na kusoma pande zote mbili kwa mpigo mmoja, kama za jamii ya ScanSnap iX. Ingekuwa ya kwanza kama kila msomaji angekubali kukata mgongo wa kitabu. Ikiwa unayo nakala ya ziada, usisite. Kata mbali ya kutosha na gundi, kwa kuwa mabaki yake hunata kwenye mipira ya kuvutia karatasi. Karatasi duni pia hutoa vumbi jingi, na chembe moja ikitua juu ya kioo chembamba cha ndani huchora mstari wa wima katika kila ukurasa unaofuata. Niliwahi kugundua mstari kama huo baada ya kurasa 180, nikalazimika kuzirudia zote. Tangu siku hiyo napangusa kioo kila baada ya kurasa 50.

Skana za juu, zinazotazama kitabu kutoka kwenye mlingoti, zinapata nafasi ya tatu. Zina kasi na hazikigusi kitabu, na programu zake hujaribu kunyoosha mpindo wa ukurasa, lakini herufi zilizo kwenye mteremko wa mkunjo hubanwa, na programu ya kutambua maandishi huziparaganya. Simu yenye kamera nzuri, ikishikiliwa na stendi chini ya mwanga unaotoka pande mbili, haiko mbali nazo, na ikiwa una kitabu kimoja tu, huna haja ya kununua zaidi ya stendi. Skana bapa nyembamba za CIS, pamoja na zile zilizo ndani ya printa nyingi za nyumbani, naziweka mwisho.

Yoyote utakayochagua, nunua pia karatasi nyeusi. Ukiiweka nyuma ya ukurasa unaoskaniwa, maneno ya upande wa pili hufifia mno, kwa maana mwanga unaopenya hauna cheupe cha kuurudisha. Skani kwa rangi, kisha, katika programu ya kuhariri picha, tumia chaneli nyekundu peke yake, yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga mwekundu tu. Humo umanjano wa karatasi hukaribia weupe huku wino ukibaki mweusi. Usichague nyeusi na nyeupe tupu, isiyo na kijivu, mwanzoni, kwani tundu la herufi "e" lililozibwa nusu na wino hufungwa kabisa, na "kelele" husomwa "kclclc".

Kabla ya kulipa, omba ujaribu skana kwa kitabu chako mwenyewe. Kifungue katikati, skani kwa nukta 300, kuza picha, kisha utafute herufi "e" iliyo karibu zaidi na mkunjo. Kama tundu lake liko wazi, skana hiyo inakufaa.