Mashine ya masaji ya mkononi: nilivyoichagua na inavyonifaa

Mashine ya masaji ya mkononi, ile yenye umbo la bastola ambayo siku hizi huikosi kwenye vikundi vya mazoezi vya Dar es Salaam, ni kifaa ninachokitumia karibu kila ninapomaliza kukimbia, na kwa jumla ninaridhika nacho. Hata hivyo, sababu za kuridhika kwangu si zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na ninaamini mnunuzi anayeongozwa na boksi anaweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kinachotetemesha ngozi tu.

Mimi hukimbia mbio ndefu. Shida yangu ni vigimbi vinavyokaza, pamoja na misuli ya mbele ya mapaja inayouma siku ya pili na ya tatu baada ya mazoezi makali. Waliokimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon watanielewa: watu huogopa kupanda kuelekea Mweka, lakini kinachowafanya washuke ngazi kinyumenyume siku inayofuata ni ule mteremko wa kurudi Moshi mjini, kwa sababu wakati wa kushuka misuli ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa. Maumivu ya namna hiyo huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio. Kwenda kwa mchuaji kila wiki ni gharama ambayo siimudu, ndiyo maana nikatafuta mashine ya nyumbani.

Kariakoo nilionyeshwa mashine za kuanzia shilingi 45,000 hadi zaidi ya 300,000, nyingi zikiwa na majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Muuzaji mmoja aliniwekea mbili mezani na kuniambia, “Dada yangu, hii ina spidi 30 na vichwa nane, hiyo nyingine ina spidi sita tu.” Alikuwa muungwana, lakini hoja yake haikuwa na uzito. Nyingi ya mashine hizi hupiga mara 1,200 hadi 3,200 hivi kwa dakika. Ukiligawa pengo hilo katika ngazi 30, mwili hauhisi tofauti kati ya ngazi ya 17 na ya 18. Kinachotofautisha mashine na mashine ni urefu wa pigo, yaani kichwa kinatoka na kurudi kwa milimita ngapi, na nguvu ya mota, yaani unaweza kuikandamiza kiasi gani kabla haijakwama. Theragun, ambayo Jason Wersland wa Los Angeles alianza kuibuni baada ya kuumia kwenye ajali ya pikipiki mwaka 2007, inajulikana kwa pigo la milimita 16 katika matoleo yake makubwa, na toleo la Pro limeuzwa Marekani kwa dola 599. Sikuwa na fedha hizo, wala sikuona kwamba vigimbi vyangu vinazidai. Nilichotaka ni pigo lisilopungua milimita 10, kwa kuwa pigo fupi sana haliufikii msuli vizuri, hasa ule mnene wa paja.

Maboksi yote mawili yaliandikwa milimita 12. Nilimwomba kaka yule awashe kila mashine kwa spidi ya chini kabisa, nikasimamisha rula ya mwanafunzi kando ya kichwa chake, kisha nikarekodi kwa simu video ya mwendo wa polepole. Katika video, kichwa cha ile ya spidi 30 kilisogea milimita saba hivi, na cha ile ya spidi sita kilifika 11. Baada ya hapo nikakaa kwenye stuli na kuikandamiza kila moja pajani kwa uzito wa mkono wote. Ya kwanza ilinguruma, ikapoteza kasi, ikasimama. Ya pili ilibadilika sauti lakini ikaendelea kupiga. Hiyo ya pili nikaichukua kwa shilingi 160,000, baada ya kupatana kutoka 190,000. Jaribio lote halikuchukua hata robo saa, na muuzaji asiyetaka boksi lifunguliwe ningemwachia mzigo wake.

Ina uzito wa karibu kilo moja, ambao unatosha kuuchosha mkono unapojichua nyuma ya paja. Mpini wake umenyooka, kwa hiyo katikati ya mabega siwezi kufika mwenyewe na huwa namwomba baba watoto anisaidie. Mtu anayeishi peke yake na anayesumbuliwa na mgongo wa juu atafute ile yenye mpini wa pembetatu. Kati ya vichwa vilivyokuja nayo natumia viwili tu: cha mviringo chenye sponji, kwa mapaja na makalio, na kile kilichogawanyika mara mbili, ambacho hupita pande zote mbili za kano iliyo juu ya kisigino bila kuigonga. Kile chembamba chenye ncha nimekiacha kwenye mkoba, kwa sababu hukusanya nguvu yote mahali padogo na huacha alama za michubuko.

Kero yangu kubwa ni chaji. Tundu lake ni la Type-C, lakini haikubali waya wenye Type-C pande zote mbili. Inataka ule wa zamani wenye USB pana upande wa chaja. Mara ya kwanza nilidhani imeshakufa. Kwa kuwa wengi wetu sasa tunanunua simu zinazokuja na waya wa aina mpya, jambo hili liulizwe dukani kabla ya kulipa. Betri yenyewe sina ugomvi nayo, na mashine hujizima baada ya dakika kumi, jambo ninalolipenda kwa sababu mota huwa imeshapata moto.

Kuhusu matokeo, nisizidishe sifa. Mwaka 2020 Andreas Konrad na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanaume 16, ambao vigimbi vyao vilichuliwa kwa mashine ya Hypervolt kwa dakika tano. Uwezo wa kukunja kifundo cha mguu uliongezeka kwa takribani nyuzi 5, na nguvu ya msuli haikupungua. Mimi nahisi jambo linalofanana na hilo: nikijichua dakika mbili kila kigimbi, nashuka kitandani nikiwa sijakakamaa, na kwa saa kadhaa natembea vizuri. Maumivu ya kushuka mlima hupungua makali lakini hayaondoki, na sijaona dalili kwamba siku za kupona zimepungua.

Kukandamiza zaidi hakuleti nafuu zaidi. Mwaka 2021 jarida la Physical Therapy lilieleza kisa cha mwanamke kijana nchini China aliyepata uharibifu mkubwa wa misuli baada ya kuchuliwa kwa mashine ya aina hii. Mimi huiacha itembee polepole kwa uzito wake, siipitishi juu ya ugoko, goti wala uti wa mgongo, na mbele ya shingo siigusi kabisa. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma baada ya safari ndefu ya basi kama ya Dar hadi Moshi, hiyo huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na mtu aende hospitali haraka bila kukichua.

Mama yangu aliiona na kuitaka kwa ajili ya miguu yake. Kwa kuwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo humfanya mtu avilie damu kwa urahisi, nilimwambia, “Mama, hii tusiijaribu mpaka daktari wako aseme,” na daktari alipoulizwa kliniki alikataa.