Sabufa ya Desibeli 97 na Besi Niliyoikosa

Baada ya kupata malipo ya korosho msimu uliopita, nilinunua sabufa ya inchi 15 katika duka moja hapa Mtwara mjini. Kilichonivutia ni karatasi iliyobandikwa nyuma ya boksi: unyeti (yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme kidogo uliopimwa) wa desibeli 97 kwa wati 1, umbali wa mita 1. Sabufa yangu ya zamani, ya inchi 12, imeandikwa 88 tu, nami niliamini kwamba mpya ingeiacha mbali.

Haikuwa hivyo. Katika taarabu gitaa la besi lilinigonga kifuani vizuri, lakini nilipopiga mlio wa hezi 35, yaani besi ya chini sana, kutoka kwenye simu, koni (ule uso wa spika unaotetemeka) ilikwenda mbele na nyuma kwa nguvu huku sebule yangu ya Shangani ikibaki karibu kimya. Ile ya zamani, kwa mlio huohuo, ilitikisa vioo vya luva dirishani hadi mama watoto akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Fundi wangu wa Chikongola alinifafanulia kwamba namba ya unyeti mara nyingi hupimwa juu ya hezi 100, mahali ambapo koni nyepesi hung'ara, wala haisemi lolote kuhusu hezi 35. Boksi dogo, besi ya chini kabisa na unyeti mkubwa havikai pamoja. Ukichagua viwili, cha tatu unakipoteza, na boksi langu jipya ni dogo mno kwa spika ya inchi 15. Aidha, spika hii ni ya omu 4 (kipimo cha ukinzani wake kwa umeme) na ilipimwa kwa volti 2.83, ambazo kwa omu 4 ni wati 2 na si 1, hivyo desibeli 3 kati ya zile 97 ni za karatasi tu, na za kweli ni 94. Hilo liliniuma, kwa sababu muuzaji nilimuuliza mara mbili.

Hata hivyo siidharau. Harusini Mikindani, uwanja ukiwa wazi bila kuta za kuikuza besi, ilisikika hadi barabarani kwa amplifaya ndogo, kazi ambayo ile ya 88 ingehitaji takriban mara nne ya umeme kuifanya. Nimeitenga kwa shughuli za nje. Sebuleni imerudi ile ya zamani, nimeisogeza pembeni kabisa ukutani, na besi imeongezeka bila kuongeza hata wati moja.