Uwakilishi wa bure kwa waomba hifadhi walionyimwa, Dar es Salaam: unachopata na kinachopungua

Vituo vya msaada wa kisheria jijini vinasifika kwa ushauri, na kweli ushauri wao ni mzuri. Mwanasheria makini huanza na barua ya kukataliwa: hapo hapo anaandika kwa kalamu siku uliyokabidhiwa, kando ya tarehe iliyochapwa. Muda wa kuomba mapitio kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ni mfupi, basi nenda siku ile ile uliyoipokea.

Kisha yafuate mahojiano uliyofanyiwa ulipoomba hifadhi, maana humo ndimo kesi nyingi hufia. Kwa Kirundi neno "ejo" ni jana na pia ni kesho. Mkalimani akiteleza hapo, tarehe zinagongana na mwombaji anaonekana mwongo. Mkongo wa Kivu naye huweza kuhojiwa bila mkalimani kwa kuwa "anajua Kiswahili", ilhali Kiswahili chake si cha Kariakoo. Kituo kinachokusomea mahojiano sentensi kwa sentensi, kwa lugha yako, kishike. Kinachokujazisha fomu na kukuambia usubiri simu, tafuta kingine.

Angalia pia hoja zenyewe. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Wakimbizi ya 1998 hakiishii kwa anayeteswa kwa kabila au siasa. Kimebeba na tafsiri ya Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, inayomlinda aliyekimbia machafuko yaliyovuruga amani kwao. Inasikitisha jinsi hoja hii inavyosahaulika.

Waziri akikataa, inabaki Mahakama Kuu, na hapo huduma inapwaya. Wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, anahitajika wakili. Maombi ya kibali cha kufungua mapitio yaingie ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, yakiwa na maelezo na kiapo. Kibali kikitoka, zimebaki siku 14 kufungua shauri lenyewe. Mahakama haiamui kama wewe ni mkimbizi. Inaangalia kama ulisikilizwa, kama ulipewa sababu na kama sheria ilifuatwa. Ikikuta kasoro inaweza kuutengua uamuzi, ombi lako likaamuliwa upya. Wakili akueleze haya tangu siku ya kwanza.

Na "bure" mara nyingi ni ada ya wakili tu. Cheti cha Kifaransa kinahitaji tafsiri (BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya), kontro namba ya mahakama inahitaji kulipiwa, nauli nayo ipo. Uliza mapema: nani analipa, na lini? Ombi la kusamehewa ada lisisubiri siku ya mwisho, kwani ada isipolipwa wala kusamehewa shauri halisajiliwi, na muda hausimami.

Kwa wanaotoka kambi za Kigoma, kituo kizuri hukagua kibali cha kusafiri kabla ya kupanga tarehe ya kuonana. Kibali kikiisha ukiwa Dar unaweza kukamatwa, na wakili yule yule atalazimika kwanza kukutoa mahabusu huku siku za mapitio zikienda.