Kibali cha kujenga: ofisi nyota mbili, shimoni nyota tano

Nimekawia kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira ipoe kwanza. Mimi ni mwalimu. Nimejenga vyumba vinane vya kupangisha, chini vinne na ghorofani vinne, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 katika mji mdogo huku magharibi mwa Kenya, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Kisumu. Kaunti sitaitaja. Bado sijamalizana nao.

Kupitisha ramani ni kazi ya kaunti tangu 2013, ingawa mtaani bado tunasema "kanjo", jina la mabaraza ya zamani. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ni ya 2019 na haina mzaha: ukianza kujenga bila kibali, ni faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Basi nikapeleka kila kitu. Ramani ya msanifu, michoro ya injinia, nakala ya hati ya ploti, sachi mpya ya kuthibitisha mwenye ardhi, risiti ya kodi ya ploti, fomu ya maombi iitwayo PPA1. Nikalipa, na risiti yangu ikatoka kabla sijafunga pochi. Haraka ya namna hiyo sikuiona tena kwenye ofisi ile.

Faili ilianza kuzunguka. Watu wa mipango, wa barabara, wa afya, kila mmoja na sahihi yake. Wiki hii bwana afya yuko semina, wiki ijayo sistimu imelala. Siku moja kijana mmoja koridoni aliniambia kwa upole, "Mwalimu, faili yako inaona njaa." Nikamuuliza hula nini. Akacheka, akaenda zake.

Aliyenifungua macho ni msanifu wangu. Sheria hiyo hiyo inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, inachukuliwa kwamba umeruhusiwa. Siku ya 52 niliandika barua ya mistari mitatu kuwakumbusha, nikahakikisha nakala yangu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya 57 nikaitwa kuchukua kibali. Lakini msanifu alinionya pia nisije nikajenga kwa kutegemea kimya chao, maana askari wa kaunti wakifika saiti wanaulizia muhuri, hawahesabu siku.

Sasa shimo la msingi.

Ploti yangu ina udongo wa aina mbili. Upande wa barabara ni murramu ngumu. Nyuma, kuelekea bondeni, ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi kuku anavunjika mguu, na mvua ikinyesha unafura kama unga wa mandazi. Fundi alikuwa amechimba futi nne pande zote, sawasawa kama kitabu. Nondo zimefungwa, kokoto zimemwagwa, mikisa ya kuchanganyia zege imekodishwa na inanguruma, watu wa mkono kumi na wanne wanamalizia chai.

Mkaguzi wa kaunti, dada wa makamo, akaja kwa bodaboda. Akavua viatu, akatoa gambuti kwenye kiondo, akateremka shimoni kabla hajauliza karatasi hata moja. Akaokota kipande cha nondo, akakisimamisha kwenye kona ya nyuma na kukisukuma kwa mikono miwili. Kikazama karibu chote.

"Mwalimu, shuka uone mwenyewe."

Nikashuka na viatu vyangu vya kanisani. Tukaenda kona ya mbele, akasukuma kipande kile kile, kikagota. Halafu akainama, akajaribu kupitisha vidole chini ya wavu wa nondo. Havikupita. "Hii chuma imelala kwa tope," akasema. "Itakula kutu ndani ya zege na wewe hutajua." Akatoa futi ya kupimia. Ramani inataka ringi, vile vyuma vya kufungia nondo, kila milimita 200. Za fundi zikasoma 280, nyingine 300.

Fundi akaanza, "Dada, mimi nimejenga hivi miaka ishirini..."

"Sijakataa, fundi wangu. Nasema tu leo hatumwagi."

Nililia kimoyomoyo. Mikisa ya siku ile ililipiwa bure, na watu kumi na wanne nao walitaka chao. Kesho yake injinia alikuja kutoka Kisumu, akakubaliana na yule dada neno kwa neno. Nyuma tukachimba karibu futi tatu zaidi hadi tukakuta murramu, tukarudishia mawe na murramu tukishindilia tabaka kwa tabaka, tukaweka vijiwe vya zege chini ya nondo ili chuma isiguse udongo. Pesa ya mabati ikaishia ardhini. Siku ya pili ya kukaguliwa yule dada alishuka tena, akapitisha vidole, vikapita, akatia sahihi kwenye kadi ya ukaguzi.

Kwa kazi ile nampa nyota tano, na ningempa ya sita. Kwa ada zote nilizolipa, huduma niliyoiona kwa macho ni hiyo.

Ilipofika slabu, sakafu ya zege ya ghorofani, alikuja mkaguzi mwingine. Gari la kaunti likasimama barabarani, kioo kikashuka nusu, mkono ukatoka kuomba kadi. Akaitia sahihi juu ya usukani. "Kazi nzuri, Mwalimu." Kazi gani? Nondo za slabu ziko juu ya mbao, futi kumi kutoka chini, na ngazi ilikuwa pale pale imeegemezwa ukutani. Muhuri wake ni ule ule wa yule dada, na kwenye kadi huwezi kuzitofautisha sahihi hizo mbili kwa uzito. Nikamlipa injinia wangu apande akague kwa niaba yangu, na zege tukaijaza kwenye visanduku ili vipande vyake vipimwe nguvu, vingine siku ya 7, vingine siku ya 28. Vilifaulu. Lakini hiyo ni pesa yangu juu ya ada ya kaunti.

Ukitoka kwangu, dakika tano kwa miguu, kuna jengo la ghorofa nne lenye X nyekundu ukutani. Imekaa pale hadi imefifia, na wapangaji wanaanika nguo juu yake. Kila nikipita naikumbuka Huruma, Nairobi, Aprili 2016: jengo lililokuwa kando ya mto, lililokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa, likaangukia watu usiku wa mvua na kuua karibu watu 50. Hapa kwetu, mwenzangu mmoja alifungiwa saiti wiki nzima kwa kukosa ubao wa mradi. Ubao hata mtu aliyeketi ndani ya gari anauona.

Kaka yangu anasema kanuni mpya ya ujenzi ya 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, itanyoosha haya. Labda. Kwenye shimo langu zote mbili zingehitaji gambuti.

Wewe unayetaka kujenga: usikodi mikisa kabla kadi haijatiwa sahihi, mimi nimeshakulipia somo hilo. Mpigie mkaguzi siku mbili kabla, asubuhi, na upige picha za nondo kabla hazijafunikwa. Akija wa kioo nusu, mwombe kwa heshima ashuke. Wengine hushuka wakiombwa.

Cheti cha kukalia jengo bado sijapata. Wapangaji wawili wanataka kuingia, na mmoja amenifuata hadi shuleni na pesa mkononi, nimemkatalia. Kilichobaki ni bwana afya kuja kuona shimo la choo. Alisema atakuja Jumanne, ila hakusema Jumanne ya wiki gani.